Maambukizi yaliyojificha kwa wazee: kwa nini kipimajoto hakitoshi

Tuchukue bibi wa miaka 78 huko Tukuyu, Mbeya, ambaye kila alfajiri ndiye huwaamsha wajukuu. Leo hajaamka. Akisalimiwa “ugonile” anakodoa macho tu. Jana alianguka akitoka chooni, na uji hataki. Zahanati joto lasoma 36.8, malaria hakuna, na familia inarudi nyumbani na jibu moja: uzee.

Lakini uzee haumbadilishi mtu kwa usiku mmoja. Huenda bibi ana maambukizi yaliyojificha, yaani vijidudu vimeshamwingia, labda kwenye mapafu, figo au damu, ila dalili tulizozizoea hazijitokezi.

Homa huletwa na mwili wenyewe. Chembe za kinga zikigundua vijidudu huupa ubongo taarifa, nao hupandisha joto. Ndipo mtu hutetemeka na kutafuta blanketi. Kwa mzee kinga ni nzito kuamka, misuli ya kutetemeka imekonda, na mara nyingi joto lake la kila siku liko chini. Aliyezoea 35.9 akifika 37.2 amepanda sana, ingawa kwenye cheti anaonekana mzima. Ongeza Panadol anazomeza kwa ajili ya magoti, ambazo hushusha joto, na kipimajoto kilichowekwa haraka kwapani katika baridi ya Juni.

Kwa hiyo tazama kilichobadilika ghafla: kuweweseka, kuanguka, kukataa chakula, kujikojolea, kusinzia mchana kutwa. Mhesabie pumzi akiwa ametulia. Zikizidi 25 kwa dakika, nimonia ishukiwe hata kama hakohoi. Si kila kuweweseka ni maambukizi, bila shaka. Sukari ikishuka humfanya mtu hivyohivyo, kiharusi pia, na hata hewa ya sumu kutoka jiko la mkaa lililoachwa chumbani usiku.

Mtego mkubwa, kwa maoni yangu, ni mkojo. Wazee wengi, hasa wanawake, huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote. Kipimo kikiwaonyesha, bibi anapewa dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kila mtu anaridhika, na nimonia inaendelea na kazi yake.

Yapo pia maambukizi ya mwendo wa kobe. Kifua kikuu huweza kukaa kwenye uti wa mgongo bila kikohozi, mzee akaambiwa ni mgongo wa jembe. Brusela, inayopatikana kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha ng'ombe aliyetupa mimba, huleta uchovu, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa miezi. Na VVU: Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi zaidi nchini Tanzania, ila watu huona haya kumpima babu.

Daktari wa zamu hamjui bibi. Anamwona amejikunyata kitandani na hana namna ya kujua kwamba Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu. Bibi asindikizwe na mtu anayelala naye nyumba moja, aseme siku mabadiliko yalipoanza, bibi hunywa maziwa gani, humeza dawa zipi. Hapo daktari ana sababu ya kuagiza eksirei ya kifua, kupima sukari, na kuchukua damu ya kuotesha vijidudu maabara kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki, mradi hilo lisiicheleweshe sindano yenyewe.