Uchovu wa vita si kupinga vita

Mjadala wa vita vya Marekani huko Vietnam ukianza, haupiti muda mtu atasema Wamarekani walichoshwa na vita kwa sababu wanafunzi waliandamana na televisheni ikaonyesha maiti. Hapo mambo mawili yanachanganywa. Uchovu wa vita ni hali ya wananchi kuacha kuunga mkono vita vinavyokula watu na fedha bila dalili ya kwisha. Mpinga vita anasema vita hivi ni dhambi. Aliyechoka anasema havina faida, na huenda jana tu alikuwa akivishangilia.

Shirika la kura za maoni la Gallup lilikuwa likiwauliza Wamarekani swali lile lile mara kwa mara: je, tulikosea kupeleka wanajeshi kupigana Vietnam? Agosti 1965 waliojibu "tulikosea" walikuwa asilimia 24. Oktoba 1967 walifika 47, wakawazidi waliojibu "hatukukosea". Mashambulizi ya Tet, ya wakomunisti kote Vietnam Kusini, yanayotajwa kila mara kuwa ndiyo yaliyogeuza mambo, yalianza mwishoni mwa Januari 1968, na mtangazaji wa habari Walter Cronkite akatangaza kwenye televisheni kwamba vita vimekwama mwezi uliofuata. Wananchi walikuwa wameshatangulia.

Mtaalamu wa siasa John Mueller alilinganisha vita hivyo na vya Korea, akakuta uungaji mkono ulishuka kwa namna inayofanana kadiri waliokufa na kujeruhiwa walivyoongezeka. Wakati wa vita vya Korea hakukuwa na maandamano makubwa vyuoni Marekani, wala televisheni ilikuwa haijaenea hivyo! Tena hasara za mwanzo ndizo zinazowaondoa wengi. Wanaobaki ni wagumu, hadi wao nao watikisike huhitajika maelfu zaidi.

Na vijana? Katika kura za maoni za miaka ile, walio chini ya miaka 30 waliunga mkono vita kuliko wazee. Hata Machi 1968, katika kura ya mchujo ya chama cha Democratic jimboni New Hampshire, seneta mpinga vita Eugene McCarthy alipopata asilimia 42 dhidi ya Rais Johnson, wengi waliompigia kura walikuwa na hasira kwamba Johnson hapigani vya kutosha.

Wanafunzi wapewe haki yao, walisema mapema na kwa ujasiri. Ila ukitaja uchovu wa vita, mfikirie kwanza mzazi wa mji mdogo aliyewachukia waandamanaji hao, na bado, alipoulizwa, akajibu kwamba tulikosea.