Kubana Video: Maana Yake na Mipaka Yake

Kubana video ni kuiandika upya kwa data chache zaidi, huku mtazamaji asitambue, au atambue kwa taabu, kilichoachwa. Ahadi ya "ubora zaidi kwa ukubwa mdogo" hupotosha kidogo, kwa sababu kubana hakuongezi ubora wa picha. Kinachowezekana ni kupata faili dogo zaidi ambalo machoni linakaribiana sana na lile la asili.

Haja yake huonekana kwa hesabu. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda video, ikiwa ya 1920 kwa 1080 ina pikseli (nukta ndogo za rangi) 2,073,600, na kila pikseli ikichukua baiti tatu za rangi, fremu hiyo huzidi megabaiti 6. Kwa fremu 25 kila sekunde, dakika moja isiyobanwa hufikia takriban gigabaiti 9.3, tena bila sauti. Simu za kawaida hazirekodi hivyo: hata video tunayoiita ya asili huwa imeshabanwa ndani ya kamera.

Kazi hiyo ya kubana hufanywa na kodeki, yaani mfumo wa kubana video na kuifungua tena, nayo hutegemea zaidi ukweli kwamba picha zinazofuatana hufanana mno. Mtu akizungumza mbele ya ukuta, ukuta ni uleule katika fremu mia moja, na hakuna sababu ya kuuandika mara mia moja. Kodeki huhifadhi fremu moja nzima, kisha kwa zinazofuata huandika tofauti tu: kipande hiki kimesogea kushoto kwa pikseli nne, kile hakikubadilika. Ndiyo maana mahojiano hubanika sana, ilhali mvua, mawimbi na majani yanayotikiswa na upepo hula data nyingi. Mbaya zaidi ni chengachenga za video iliyorekodiwa gizani, ambazo hubadilika kila fremu. Kodeki haijui kuwa ni kasoro, hivyo hutumia data kuzihifadhi kana kwamba ni sehemu ya uso wa msemaji. Kuzisafisha kabla ya kubana huokoa nafasi kubwa.

Ndani ya fremu yenyewe, hutumiwa udhaifu wa jicho, ambalo hutofautisha mwanga na giza vizuri kuliko rangi. Taarifa za rangi hupunguzwa hadi robo, na hatua hiyo peke yake huondoa nusu ya data yote. Kisha picha hugawanywa katika vipande vya mraba, na maelezo madogo ya kila kipande hukadiriwa. Makadirio yakizidi, mipaka ya vipande hujitokeza kama vigae, hasa kwenye anga na vivuli.

Kodeki ya H.264 ilitoka mwaka 2003 na bado huchezwa na karibu kila kifaa. H.265 ya mwaka 2013 ililenga kutoa ubora uleule kwa takriban nusu ya data, na AV1 ilifuata mwaka 2018. Unafuu huo hulipiwa kwa muda na nguvu za kompyuta, kwa kuwa kodeki mpya hupima njia nyingi zaidi kabla ya kuamua.

Katika programu za kubana video kama HandBrake na FFmpeg, mtumiaji anaweza kutaja idadi ya biti (vipimo vidogo kabisa vya data) kwa sekunde, jambo linalofaa pale ukubwa wa faili umewekewa kikomo, au akataja kiwango cha ubora kwa nambari. Mimi napendelea njia ya pili, kwa sababu tukio tulivu halipewi biti lisizozihitaji. Kwa x264, programu inayobana video kwa H.264, nambari hizo huanzia 0 hadi 51, ya kawaida ikiwa 23, na kadiri nambari inavyopungua ndivyo ubora na ukubwa vinavyoongezeka.

MP4 na MKV, kwa upande wao, ni makasha tu ya kubebea picha na sauti. Kubadilisha kasha pekee hakupunguzi faili. Kubana tena kilichokwisha kubanwa ndiko huharibu, kwa maana kodeki ya pili hukadiria makadirio ya kwanza, na kwa hiyo kila nakala ndogo inapaswa kutengenezwa kutoka faili la asili.