Jamani, Italia Hatuanzi na Magoli

Naandika hii mara moja, na kuanzia leo kila atakayeniuliza nani anakuwa juu timu zikilingana nitamtumia kiungo tu. Serie A, yaani ligi kuu ya Italia, timu zikilingana pointi, tofauti ya magoli siyo kitu cha kwanza kuangaliwa. Si kwenye ubingwa, si kwenye nafasi ya nne, si kwenye kushuka daraja. Najua wengi mmelelewa na Ligi Kuu ya England, na huko magoli ndiyo yanaanza. Lakini ukienda kwa watu, fuata desturi za watu.

Kilichonimaliza uvumilivu ni wiki ya mwisho ya msimu wa 2024-25. Napoli walikuwa na pointi 79, Inter 78, imebaki mechi moja moja. Simu yangu haikupumua. "Mchambuzi, wakilingana Inter anabeba, ana magoli mengi." Mmoja wa Nairobi, anayeishabikia Inter tangu enzi za McDonald Mariga, alinitumia hesabu nzima ya magoli, imepigwa mstari chini kwa wino mwekundu. Kazi nzuri, mwandiko mzuri, kanuni siyo.

Kwanza hesabu yenyewe. Mmoja ana 79, mwingine 78. Watalinganaje? Napoli akishinda, kamaliza. Napoli akitoa sare na Inter akashinda, ni 80 kwa 81, Inter bingwa, hakuna kulingana hapo. Njia ilikuwa moja tu: Napoli afungwe nyumbani na Cagliari, halafu Inter atoe sare kwa Como. Watu walibishana wiki nzima juu ya kitu chenye mlango mmoja tena mwembamba, na hakuna aliyekaa chini kuangalia mlango uko wapi.

Pili, hata hilo lingetokea, yasingeangaliwa magoli wala nini. Zingepigwa dakika 90 nyingine, mechi moja ya kuamua, wenyewe wanaiita spareggio, na siku ilishatengwa: Jumatatu tarehe 26 Mei. Mkilingana baada ya hizo dakika 90, penalti moja kwa moja, hakuna muda wa nyongeza. Kanuni hiyo ilirudishwa kuanzia msimu wa 2022-23, kwa ubingwa na kwa nafasi ya mwisho ya kuepuka kushuka daraja.

Na hapa nimpe Mkenya wangu haki yake. Kabla ya 2022 angekuwa sahihi, japo kwa njia ya kuzunguka. Inter na Napoli walikutana mara mbili msimu ule, 1-1 Milano mwezi Novemba na 1-1 Napoli mwezi Machi. Wao kwa wao hawakuachana hata kidogo, kwa hiyo kanuni ya zamani, iliyoanza na matokeo hayo, ingeshuka hadi kwenye tofauti ya magoli ya msimu mzima, na huko Inter alikuwa mbele mbali. Kwa hiyo alikuwa sahihi, ila amechelewa miaka mitatu. Mwishowe wote wawili walishinda 2-0, Napoli 82, Inter 81, na hesabu ya wino mwekundu haikutumika.

Sasa nafasi zote zilizobaki, kuanzia ya pili hadi zile za Ulaya. Huko hakuna spareggio. Mkilingana pointi yanaangaliwa matokeo ya wao kwa wao: pointi mlizochukua mlipokutana, kisha tofauti ya magoli katika hizo mechi mbili pekee. Goli la ugenini halina uzito wa ziada. Mkiwa bado mko sawa, hapo ndipo tofauti ya magoli ya msimu mzima inaingia, ikifuatiwa na idadi ya magoli ya kufunga, halafu kura ya bahati nasibu. Kwa maneno mengine, lile mnalolianza nalo ninyi, Waitaliano wanalifikia la tatu.

Asiyeamini aulize Lazio. Tarehe 20 Mei 2018, siku ya mwisho ya msimu, Lazio wako uwanjani kwao Olimpico, Roma, wanamkaribisha Inter. Lazio wana pointi 72, Inter 69, sare inamtosha Lazio kwenda Ligi ya Mabingwa. Lazio wanaongoza 2-1. Stefan de Vrij, beki wa Lazio ambaye tayari ilijulikana anahamia Inter, anasababisha penalti, Icardi wa Inter anafunga. Dakika chache baadaye Vecino anapiga kichwa, 3-2. Wote 72. Sasa fungueni msimamo wa mwaka ule: Lazio walifunga magoli 89, hakuna timu iliyofunga zaidi yao, tofauti yao ilikuwa magoli 40. Inter tofauti yao 36. Kwa kanuni za England Lazio anapanda ndege. Kwa kanuni za Italia mechi ya kwanza iliisha 0-0 Milano, ya pili Inter kashinda, basi imeisha. Inter wakarudi Ligi ya Mabingwa, Lazio wakabaki na magoli yao 89.

Jambo hili linabadilisha namna ya kuangalia mechi zenyewe, na hapa ndipo ninapogombana na watu kila wikiendi. Chukua goli la kufutia machozi. Timu inafungwa 3-0 mwezi Oktoba na mpinzani ambaye wote mnajua watagombania naye nafasi ya sita. Dakika ya 90 inafunga moja. Mtangazaji anapunguza sauti, mwenye mkeka ameshazima simu, na mitandaoni wanaandika "limewasaidia nini?" Limewasaidia sana! Kwa 3-0, mechi ya marudiano wanahitaji kushinda kwa magoli manne ili kumpita wao kwa wao, na kwa matatu ili kulingana. Kwa 3-1, magoli matatu yanawatosha kumpita, na mawili yanawarudisha sawa. Mnaona tofauti? Kushinda 2-0 ni matokeo ya kawaida. Kushinda 4-0 dhidi ya timu ya kiwango chako ni muujiza. Lile goli la dakika ya 90 lililomchosha mtangazaji linaweza kuwa ndilo goli ghali kuliko yote ya msimu, na mwezi Mei hakuna atakayelikumbuka.

Kama wachezaji wenyewe wanalifikiria hilo mwezi Oktoba, hapo nina mashaka. Aprili na Mei, ndiyo, unaona kabisa benchi zima linasimama kudai kona timu ikiwa imefungwa 2-0. Oktoba nadhani wengi wanataka tu kuingia bafuni. Na mimi mwenyewe, ninapowaambia kwamba goli fulani ni la thamani, nazungumzia thamani ya kwenye karatasi. Mara nyingi timu mbili hazilingani mwishoni, na thamani yote hiyo inayeyuka bila kumfaidisha mtu. Siwezi kuwaambia mapema ni goli lipi litakalofaa.

Ila linapofaa, linaumiza. Msimu huohuo wa 2024-25 Fiorentina na Lazio walimaliza na pointi 65 kila mmoja. Fiorentina alikuwa amemfunga Lazio 2-1 Florence mwezi Septemba, akamfunga tena 2-1 Roma mwezi Januari. Kuanzia Januari, basi, Lazio alikuwa na deni lisilolipika: akilingana na Fiorentina, yeye ndiye wa chini. Siku ya mwisho Lazio anafungwa 1-0 nyumbani na Lecce iliyokuwa inapigania roho yake, na iliyobaki na wachezaji kumi. Fiorentina wa sita, Lazio wa saba. Kwa kuwa Bologna walishabeba Coppa Italia kwa kuwafunga Milan 1-0 na kuchukua tiketi yao ya Ulaya huko, nafasi ya saba haikuwa na Ulaya. Pointi 65, na Alhamisi zote za msimu uliofuata, wenzao wakicheza Ulaya, wao nyumbani.

Turudi kwenye spareggio, maana hapa ndipo kanuni inaponichanganya hata mimi. Juni 2023, Verona na Spezia wamemaliza na pointi 31 kila mmoja, mmoja lazima ashuke. Wao kwa wao, Spezia alikuwa juu: alishinda 2-1 huko Verona mwezi Novemba, magoli yote mawili ya Nzola, yule Muangola, kisha 0-0 nyumbani. Kwa kanuni ya mwaka mmoja kabla, Spezia kabaki na anakwenda likizo. Kwa kanuni mpya, wote Reggio Emilia, uwanja usio wa yeyote, tarehe 11 Juni. Verona wanaongoza 3-1 hadi mapumziko. Kipindi cha pili Faraoni wa Verona anashika mpira kwa mkono ndani ya boksi, kadi nyekundu, penalti. Anapiga nani? Nzola. Montipò, kipa wa Verona, anadaka, na Spezia anashuka. Yaani mtu ambaye magoli yake ya Novemba yangeiokoa timu, ndiye aliyekosa mwezi Juni kwa sababu magoli yake ya Novemba hayakuhesabika tena.

Haki iko wapi hapo? Nimebadilisha mawazo mara nyingi. Spareggio inachukua mechi 38 na kuzitupa kwenye dakika 90. Matokeo ya wao kwa wao yanazitupa kwenye 180, tena mojawapo ilichezwa msimu ukiwa mchanga, pengine nusu ya kikosi ni majeruhi. Tofauti ya magoli inahesabu zote 38, ni kweli, lakini inampa zawadi aliyebahatika kukutana na timu iliyokata tamaa mwezi Mei ikamfungulia mlango. Kila moja ina uchafu wake. Nikibanwa nitasema wao kwa wao, lakini naisema bila kupiga meza.

Na msije mkadhani spareggio ni uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1964 Bologna na Inter walimaliza na pointi 54 kila mmoja, wakaenda Roma tarehe 7 Juni, Bologna akashinda 2-0. Rais wao, Renato Dall'Ara, alikuwa amefariki siku chache kabla ya mechi. Hiyo ndiyo spareggio pekee ya ubingwa wa Serie A hadi sasa, na ndio ubingwa wa mwisho wa Bologna.

Wakilingana watatu? Hapa ndipo kikokotoo kinapotakiwa. Unatengeneza msimamo mdogo wa hao watatu peke yao, mechi walizocheza baina yao tu, kana kwamba timu nyingine hazipo. Mwaka 2005 Fiorentina, Parma na Bologna walimaliza na pointi 42 wote. Msimamo mdogo ukamwokoa Fiorentina, ukawatupa Parma na Bologna kwenye spareggio, ambayo enzi hizo ilikuwa mechi mbili. Bologna alishinda 1-0 kwa Parma, akafungwa 2-0 kwake, akashuka. Msijaribu kufanya hesabu hii kwa kichwa mkiwa banda umiza, mtagombana bure.

Mengine kwa haraka, maana nimeshaongea sana. Viporo: timu yenye kiporo haina pointi tatu mfukoni, ina mechi ambayo haijachezwa. Inter 2022 walikuwa na kiporo cha Bologna tangu Januari, watu wakaihesabu kama ushindi miezi mitatu. Ikachezwa tarehe 27 Aprili, kipa Radu akakosea kupiga mpira, Bologna 2-1, na Milan wakabeba ubingwa kwa tofauti ya pointi mbili. Kukatwa pointi: msimu wa 2022-23 Juventus walikatwa pointi 15 mwezi Januari, wakarudishiwa mwezi Aprili, wakakatwa pointi 10 mwezi Mei. Msimamo wa mwaka ule ulikuwa unategemea umeamka siku gani. Ratiba: tangu 2021-22 mzunguko wa pili haufuati mpangilio wa wa kwanza, kwa hiyo acheni kuniambia "raundi hii ni marudiano ya ile ya mwanzo".

Na programu zenu za simu? Katikati ya msimu moja itapanga timu zilizolingana hivi, nyingine vile, kwa sababu mechi ya pili baina yao haijachezwa. Zote ni makadirio. Msinitumie picha.

Serie B, daraja la pili, sigusi leo. Huko kuna mchujo wa kupanda daraja ambao fainali, mechi mbili, ikiisha kwa jumla ya sare, aliyemaliza juu kwenye ligi ndiye anayepanda, bila penalti hata moja, isipokuwa kama walilingana pointi. Agosti 2020 timu moja ilishinda 1-0 ugenini kwa Frosinone, ikafungwa 1-0 nyumbani, na filimbi ya mwisho ilipolia wachezaji wakaanza kushangilia kipigo. Ilikuwa inapanda Serie A kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ndiyo, ni haohao Spezia.