Intakomu ya pikipiki inayojipandishia sauti yenyewe: tunavyoambiana na ukweli ulivyo

Wengi wakianza kuchora saketi ya intakomu, yaani kifaa cha dereva na abiria kuongea wakiwa na helmeti, wanaamini kelele inayowasumbua ni ya injini, eti ukifunga egzosi nzuri umemaliza. Hapana. Mjini kwenye foleni sawa, injini na magari ndo yanasumbua, ila ukivuka kilomita 60 hivi kwa saa upepo unaanza kutawala, na ukifika 100 kelele ndani ya helmeti ya kawaida inapita desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) hata kama pikipiki yenyewe ni ya umeme. Ndo maana wazo la kufanya volyumu ifuate raundi za injini halifai, unaweza kuwa gia ya mwisho raundi ziko chini kabisa na huku upepo unakuziba masikio.

"Basi weka maiki isome kelele, ikipanda na sauti ipande." Hapa jamani ndo watu wengi wanakwama, maana maiki haichagui, inasikia upepo, inasikia unavyoongea na inasikia spika yako mwenyewe. Spika ikipanda maiki inadhani kelele imezidi, inapandisha tena, spika inazidi tena, muda si mrefu volyumu imegota juu na haishuki hata ukisimama sheli. Dawa yake ipo. Kwanza kelele ipimwe pale tu ambapo hakuna anayeongea, mtu akifungua mdomo kipimo kibaki pale pale kilipokuwa. Pili, signali ya maiki inayoenda kwenye kipimo ipite kwenye filta inayobakiza masafa ya chini, yaani sauti nzito, tuseme chini ya hezi 300, kwa sababu nguvu ya kelele ya upepo imejaa huko na vile vispika vidogo vya helmeti havina besi ya maana, kwa hiyo haviwezi kukidanganya kipimo. Tatu, usifidie desibeli kwa desibeli, kelele ikipanda 10 wewe pandisha 5 au 6, hapo hata spika ikivujia kwenye maiki kidogo mzunguko unatulia wenyewe.

Na isiwe na haraka. Mtu anaona saketi ikiitikia papo hapo anafurahi, kumbe barabarani kila lori likikupita sauti inaruka na kuanguka katikati ya neno, inachosha kuliko kelele yenyewe. Sekunde mbili tatu za kupanda, na kushuka taratibu zaidi, zinatosha.

Kingine kinachochanganywa sana ni ile AGC ya maiki (automatic gain control), watu wanasema tayari ninayo. Ile inafanya kazi nyingine kabisa, inasawazisha ukubwa wa sauti inayoingia, yaani ukinyamaza inaona kimya na inaongeza nguvu, sasa kwenye pikipiki ukinyamaza kinachobaki ni upepo, kwa hiyo inamvutia mwenzako upepo mpaka sikioni. Lazima kuwe na geti la kuzuia sauti ya maiki isiende kwa mwenzako ukiwa huongei, na maiki ikae karibu kabisa na mdomo, ivikwe sponji.

Halafu hili la amplifaya kubwa. Kuongeza desibeli 10 kunataka nguvu mara 10, kutoka nusu wati mpaka wati 5, na masikio hayana bima. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza usizidi desibeli 85 kwa masaa 8, kila ukiongeza 3 muda unagawanyika nusu, ukifika 100 una dakika 15 tu kwa siku. Dereva wa boda anakaa barabarani kutwa nzima! Kwa hiyo weka kikomo ambacho saketi haiwezi kuvuka, na badala ya kuongeza nguvu kata besi ya maiki uinue kati ya hezi 1000 na 4000, maneno yanaeleweka kwa konsonanti na nyingi ziko huko.

Eti ukiweka viziba masikio hutasikia intakomu? Vinapunguza upepo na sauti ya mwenzako kwa pamoja, uwiano wao haubadiliki sana, mara nyingi unaelewa vizuri zaidi sababu sikio halijalemewa.

Umeme nao usichukuliwe poa. Wanasema betri ni ya volti 12 na LM386, ile chipu ndogo ya amplifaya, inakula mpaka 12, unganisha tu. Injini ikichaji inafika 14 na zaidi, juu yake kuna spaiki za plagi, yaani umeme unaoruka ghafla, na zile LM386 za kawaida mwisho wake kabisa ni 15. Weka reguleta ya volti 9 na kapasita kubwa mbele yake, mlio mwingi unaofuata raundi za injini unaondoka hapo hapo.