Trena janja ya kwanza: anza na ekseli ya nyuma

Mimi ni fundi baiskeli hapa Kinondoni, na kila masika inapoanza, maji yakatuama barabarani na foleni zikarefuka, waendeshaji hunijia na swali lile lile: wanunue trena ipi ya kufanyia mazoezi nyumbani? Trena janja ni mashine inayoishika baiskeli isimame mahali pamoja, ikapima kwa wati nguvu unayotoa na kubadilisha uzito wa pedeli kwa kufuata programu kama Zwift, hata mtu wa Dar es Salaam, ambaye vilima vyake vya karibu ni vya Pugu, akaweza kupanda mlima mrefu akiwa sebuleni kwake. Wengi huanza kwa kulinganisha usahihi wa vipimo, lakini mimi huwaomba kwanza tuitazame baiskeli yenyewe kwa nyuma.

Trena ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza tairi la nyuma hubaki mahali pake na kukandamizwa kwenye rola. Ni nafuu na hufungwa haraka, ila tairi huteleza, hulika, na upepo ukipungua kidogo vipimo navyo hubadilika. Tairi lenye meno makubwa, kama yalivyo ya baiskeli nyingi za mtumba tunazopanda hapa, hunguruma juu ya rola kiasi cha kuwaamsha majirani. Katika aina ya pili unaondoa gurudumu lote la nyuma, fremu inakaa juu ya mashine, na cheni inapita kwenye kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, iliyofungwa kwenye trena. Hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayeimudu, kwa sababu haina kelele nyingi na hisia yake miguuni inakaribia ile ya barabarani.

Hata hivyo, aina ya pili ndiyo yenye mitego. Kijana mmoja aliniletea trena aliyoiagiza nje, mashine nzuri ya kilo 18, pamoja na baiskeli yake ya gia 7. Kaseti iliyokuja na trena ilikuwa ya gia 11, na baiskeli yake ilitumia friwili, yaani gia zinazokazwa kwenye kitovu cha gurudumu kwa nyuzi kama za parafujo, ambayo haiwezi kuhamishiwa kwenye trena. Tulitafuta kaseti ya gia 7, na nyuma yake nikaweka washa mbili za kujazia nafasi, moja ya milimita 4.5 na nyingine ya milimita 1.85, ndipo gia zikaingia sawasawa. Angeweza kulijua hilo kabla ya kulipa. Kwa hiyo hesabu gia zako za nyuma, kisha pima kwa rula nafasi ya ndani ya fremu pale gurudumu linapokaa: baiskeli nyingi za zamani za mashindano huwa na milimita 130, za milimani 135, na zenye ekseli nene ya kupenya huwa na 142 au 148. Hakikisha trena ina vifaa vya kipimo chako, maana kurudisha mzigo wa uzito huo nje ya nchi ni gharama kubwa.

Kuhusu usahihi, Wahoo KICKR, trena ya kuondoa gurudumu, hutangazwa kuwa na tofauti ya asilimia 1, na Tacx Flow, ya rola, asilimia 5. Kwa mtu anayetoa wati 200, hiyo ni tofauti ya wati 2 dhidi ya 10. Kwa anayeanza, ninaona ni muhimu zaidi mashine itoe kipimo kile kile leo na wiki ijayo, hata kama kiko chini kidogo ya nguvu halisi.

Jambo moja huwashtua wanaoanza. Ukiiamuru trena ishikilie wati 200, nayo itazishikilia hata ukichoka. Mizunguko yako ya pedeli ikishuka kutoka 90 hadi 60 kwa dakika, kila msukumo wa pedeli utakuwa na uzito wa mara 1.5 ya ule wa awali, na hapo miguu hukwama. Usishindane nayo: ongeza mizunguko mapema, au punguza wati kwenye programu.

Umeme wetu wa volti 230 hausumbui adapta nyingi, lakini ukikatika, trena nyingi haziwezi tena kubadilisha uzito wa pedeli. Tacx Neo 2T ni miongoni mwa chache zinazoendelea bila kuchomekwa ukutani.

Lililo gumu zaidi hapa kwetu ni joto. Mwili unaotoa wati 200 kwenye pedeli huzalisha pia wati 600 au zaidi za joto, na ndani ya chumba hakuna upepo wa kuliondoa. Feni kubwa iliyoelekezwa kifuani inunuliwe siku moja na trena. Nimewahi kufungua shingo, yaani kipande kinachoshika hendeli, ya baiskeli iliyotumika chumbani kwa miezi michache, na bolti zake zilikuwa zimeliwa na kutu ya jasho hadi spana haikushika tena. Ikabidi nizitoboe kwa drili. Tandika taulo juu ya hendeli na shingo kabla ya kupanda, na ukishuka, futa bolti hizo kwa kitambaa chenye maji safi, kisha zikaushe.