Msongo wa seli si msongo wa mawazo

Juzi mpwa wangu alimkuta mama yangu anashika ukuta ili ainuke kwenye kigoda. Akaperuzi simu, kisha akatoa hukumu: "Bibi, misuli yako haina nguvu kwa sababu seli zina stress. Punguza mawazo." Mama akamkazia macho. "Mawazo gani, mjukuu wangu? Deni sina, na mume nilishamzika."

Nimelisikia kosa hilo mara nyingi mno. Msongo wa seli ni hali ya seli kuelemewa, iwe ni kwa joto, uhaba wa chakula au protini zilizokunjwa vibaya, pamoja na hatua inazochukua ili isife. Basi.

Kinachotupotosha ni hicho kiongezo, "wa mawazo", tulichokigandisha kwenye msongo hadi tukasahau kwamba neno lenyewe limetoka kwenye kusonga. Anayesonga ugali anabana unga kwa mwiko. Nywele husongwa. Magari Kariakoo husongamana. Kote huko kuna kubanwa, na hakuna anayewaza. Hata stress ya Kiingereza asili yake ni Kilatini, kukaza na kubana, na mafundi wa vyuma waliitumia kabla ya madaktari. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, Kanada, aliandika kuhusu panya aliowatesa kwa baridi, majeraha na sumu: tezi zao za juu ya figo zilivimba, matumbo yakapata vidonda, vyovyote walivyoteswa. Baadaye hali hiyo akaiita stress. Panya wale hawakuwa na kodi ya nyumba.

Sasa, msuli wa mzee. Ndani ya kila seli yake mna vijifuko vya kuhifadhia kalsiamu. Amri ya kukaza ikifika, kalsiamu humwagwa. Msuli ukilegea, hurudishwa. Kwa panya wazee, milango ya vijifuko hivyo imeonekana ikiharibiwa na oksijeni kali inayotoka kwenye mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, kalsiamu ikawa inachuruzika hata msuli umepumzika. Amri ikija, kinachomwagwa ni kidogo, na mkazo unakuwa hafifu. Nyama ipo, nguvu haipo. Ndiyo maana kumtazama mzee mkono na kusema "mbona hajakonda" hakutoshi. Nguvu za uzeeni hupungua haraka kuliko nyama, na tangu 2018 wataalamu wa Ulaya wanaanza kwa kupima nguvu: kubana kifaa kwa kiganja, au kuinuka kitini mara tano bila kutumia mikono. Zikipita sekunde 15 katika kuinuka huko, wanashuku misuli imedhoofika.

Sikatai kwamba mawazo ya muda mrefu huugusa msuli. Hupitia kwenye kotisoli, homoni ya msongo. Ila hiyo ni njia moja tu, na mtu asiye na wazo hata moja bado seli zake zitasongwa. Tena kusongwa kidogo kuna faida: mazoezi yenyewe ni msongo, na seli hujiimarisha kwa kuujibu.

Kwa hiyo mpwa wangu, kwenye stress ya seli huenda hukukosea. Ulipokosea ni pale kwenye "punguza mawazo". Na kesho Mama akitaka kuinuka kwenye kile kigoda, simama karibu, lakini usimvute mkono.