Je, wajua kwa nini inhela inayokupa nafuu upesi ndiyo inayoweza kukuponza?

Mwulize mwenye pumu ni dawa gani hatoki nyumbani bila kuibeba, atakutolea mfukoni inhela ya salbutamoli, ile ambayo kwa kawaida ni ya bluu. Akibanwa anapuliza mara mbili, na baada ya dakika chache kifua kinafunguka. Ile nyingine ya steroidi, mara nyingi ya rangi ya kahawia au ya chungwa, imelala kabatini. Ameiacha kwa sababu akiivuta hasikii tofauti yoyote. Kumbe hiyo asiyoisikia ndiyo inayotibu.

Ndani ya kifua cha mwenye pumu, kuta za njia za hewa zina uvimbe hata siku anayocheza mpira bila shida. Zikichokozwa na vumbi la godoro, moshi wa kuni, udi, mafua, baridi ya alfajiri, mende au manyoya ya paka, mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayozizunguka inakaza, kuta zinazidi kuvimba, na makamasi mazito yanaziba upenyo uliobaki. Salbutamoli hulegeza misuli, basi. Uvimbe haiugusi, na baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha. Ni ndoo iliyokingwa chini ya paa linalovuja. Steroidi ya kuvuta ndiyo inayopunguza uvimbe wenyewe, lakini polepole, kwa siku na wiki, na kwa sharti kwamba unaivuta kila siku hata ukiwa mzima.

Hatari ya kutegemea nafuu peke yake imeshaonekana. New Zealand, kuanzia mwaka 1976, vifo vya pumu vilipanda ghafla, na mwaka 1989 watafiti walivihusisha na fenoteroli, dawa ya kundi moja na salbutamoli lakini kali zaidi. Matumizi yake yalipobanwa, vifo vikashuka. Uingereza nayo ilitoa ripoti ya uchunguzi wa vifo vya pumu mwaka 2014. Kati ya marehemu 165 ambao idadi ya inhela zao za nafuu ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wao wa mwisho. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, ukaacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana: kila mgonjwa apate steroidi ya kuvuta kwa namna moja au nyingine.

Kwetu kuna kikwazo kingine: wengi huamini inhela ni ya waliozidiwa, na kwamba ukiianza hutaiacha, kwa hiyo bora vidonge. Hesabu inasema kinyume. Mpulizo mmoja wa salbutamoli una mikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 kina dozi ya mipulizo 40, nayo hupita tumboni na kusambaa mwilini kwanza. Ndiyo maana vidonge hutetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio. Tatizo la kweli ni bei: inhela ya steroidi ni ghali, na maduka mengi ya dawa hayaiweki. Hilo si kosa la mgonjwa, na kumgombeza hakusaidii.

Hata aliye nayo huenda haimfikii. GINA inakadiria kuwa hadi asilimia 70 au 80 ya wagonjwa hukosea kuvuta. Itikise, toa pumzi yote, ubane mdomo wa inhela kwa midomo, anza kuvuta taratibu na hapo hapo ubonyeze, kisha zuia pumzi kwa sekunde kumi. Ukivuta kwa kasi, dawa inaishia kooni. Ukimaliza steroidi, sukutua na uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Anayeshindwa kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, hasa mtoto, atumie chupa ya kuvutia, ile inayowekwa kati ya inhela na mdomo. Usiyemudu ya dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita inatosha: watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa watoto hufanya kazi sawa na ya kiwandani. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu litoshee mdomo wa inhela bila kuvujisha hewa, na mgonjwa avutie kwenye shingo ya chupa. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana plastiki iliyosuguliwa huivuta dawa ikagandia ukutani.

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, anayevuta hewa hadi ngozi inabonyea kati ya mbavu, au ambaye ulimi na fizi zinageuka rangi, apelekwe hospitali huku akiendelea kupuliza. Ule mlio wa filimbi kifuani ukitoweka ghafla ilhali bado anahangaika, usishangilie. Hewa inayopita imekuwa ndogo mno kutoa sauti.

Katika siku za kawaida, hesabu. Ukiihitaji inhela ya nafuu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa. Makopo mengi yana mipulizo 200, kwa hiyo andika juu yake tarehe uliyoanza. Kuitumbukiza kwenye maji uone kama inaelea hakukuambii kitu. Ukimaliza makopo matatu ndani ya mwaka, nunua jingine usije ukakosa, lakini yale matupu yapeleke kliniki uulize habari ya steroidi.